Mkono wa Kushoto wa Mwalimu Ngassa

Bariadi,
Jumamosi, mwishoni mwa Novemba.

Kwako dada Jenifer,

Shikamoo dada. Tungekuwa nyumbani ningekwambia mwadila kwa Kisukuma na kupiga lile goti langu la haraka haraka, nawe ungenivuta sikio uniambie shule zimeniharibu magoti. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Deogratias na wanangu Nancy na Nyanda. Ile homa ya Nancy imeisha? Na kule wodini wamekupunguzia zamu, au bado wanakuonea kwa kuwa hujui kukataa? Huku tupo. Mvua zimeanza kwa kusitasita. Watu wa Zagayu wameshapanda pamba, sisi wa mjini tunalalamikia tope. Shangazi Apolonia anakusalimu sana. Anasema kuku uliomwachia wamezaana, uje uwatambue wako kabla hajawatambua yeye kwa sufuria.

Mimi mwili wangu ni mzima. Nimechoka tu. Si uchovu ambao mtu analala ukaisha, na ndiyo maana nimechukua karatasi.

Najua utashangaa, maana juzi tu tulitumiana picha kwenye kundi la familia. Lakini simu yako wanaishika watoto, na sauti yangu ungeisikia ungeanza kuniuliza maswali kabla sijafika katikati. Tena yupo aliyesema habari hii lazima ije kwa barua, nitamtaja. Anayekuletea ni Rehana, mke wa bosi wangu Salimu. Anakwenda Dar kuchukua mzigo wa duka, na basi likisimama Singida abiria wale chakula, atakupigia uje uichukue.

Uliponiandikia kwamba umesikiliza albamu ya kwaya ya baba, kwamba wimbo wa Komunyo umekuliza jikoni mpaka maharage yakaungua, na kwamba mkono wa kushoto wa Mwalimu Ngassa haujazeeka hata kidogo, nilikujibu kwa picha ya kidole gumba. Nisamehe. Sikuwa na jibu jingine siku ile. Leo ninalo.

Unakumbuka parokia yetu ya Nyalikungu ilivyoamua kwamba jubilei ya mwaka huu iwe na albamu. Kwaya ilitaka kwenda kurekodia Mwanza, baba akakataa. Alisema wazee wa besi hawawezi kulazwa kwenye mabenchi ya watu, na kwamba anaye binti aliyesomea muziki chuo kikuu, anafanya kazi studio Bariadi, sasa wageni wa nini? Alilisema hilo kwenye matangazo baada ya misa, Nyalikungu nzima ikageuka kunitazama. Nilitamani sakafu initafune, kwa sababu studio yenyewe unaijua. Mbele Salimu anauza madaftari na kutoa fotokopi. Nyuma amebandika trei za mayai ukutani. Humo ndani tunarekodi matangazo ya mbegu, waimbaji wa nyimbo za asili, na mabwana harusi wanaotaka kuwaimbia wake zao bila kujua kuimba.

Kwaya ilipofika, Salimu aliwapokea vizuri, ila utani wake hakuuacha mlangoni. Aliwaambia karibuni watu wa haleluya, imbeni mpaka mchoke, lakini kompyuta yangu msiibatize. Mama Elina, mwenyekiti wa kwaya, akamjibu kwamba kwa jinsi ilivyo nzito kuwaka, kompyuta hiyo haihitaji ubatizo, inahitaji mpako wa wagonjwa. Walicheka mpaka ikabidi nisubiri ndipo nianze kurekodi.

Baba alipiga kinanda nyimbo zote, amevaa lile koti lake la kahawia. Nilimwekea kliki sikioni, ule mlio wa tiki tiki unaomshikia mpigaji mwendo, akauvua. Nilimpa sauti ya piano, akaikataa pia, akasema piano ni ya hotelini. Alitaka ogani, tena ogani laini. Nikadhani ni uzee na ibada tu. Nikampa ogani.

Taabu ilianza wakati wa kuhamisha kazi. Programu ya Salimu ni ya zamani, na sauti zake zinalia bati. Padri alikuwa ametupatia prodyuza wa Mwanza, kijana anaitwa Fredrick, mwenye sauti nzuri za kila chombo, lakini yeye anatumia programu nyingine kabisa. Programu hizi mbili ni kama Msukuma na Mmasai waliokutana mnadani: lugha hawaelewani, ila vidole vya kuonyeshana ng'ombe kila mmoja anavyo. Hivyo vidole ndivyo vinaitwa midi. Nikueleze kidogo, maana yote yaliyofuata yamekaa hapo. Faili ya midi haina sauti ndani yake. Haina ogani, haina piano. Inabeba maelekezo matupu: keyi gani imebonywa, lini, kwa nguvu kiasi gani, na imeachiwa lini. Ni sawa na kumtumia fundi cherehani aliye mbali vipimo vya mwili wako bila kumtumia kitambaa. Kitambaa atachagua yeye. Lakini vipimo ni vya mwili wako, na kama una kibyongo, vitakwenda na kibyongo chako.

Sauti za waimbaji hazikunisumbua, zilikwenda kama sauti. Vyombo ndivyo vilivyonitoa jasho. Mara ya kwanza nilihamisha kila chombo peke yake, na kila faili ikaanzia pale chombo kilipolia mara ya kwanza, si mwanzo wa wimbo. Kule Mwanza vyote vikaanza kwa pamoja, kama watoto wa shule waliosikia kengele ya uji. Nikarudia. Mara ya pili ngoma zilifika zikiwa piano, kwa kuwa hakuna kitu kwenye faili kilichomwambia Fredrick kwamba zile ni ngoma. Alituma ujumbe wa sauti akicheka mpaka akakohoa, akasema dada wa Bariadi, umenitumia paka wanafukuzana juu ya kinanda. Salimu akausikia. Siku nzima kila mteja wa fotokopi aliambiwa habari za paka. Shahada yangu yote ilikuwa pale, dada, ikichekwa na watu wanaosubiri nakala za vyeti vya kuzaliwa.

Mara ya tatu vilifika salama. Na hapo Fredrick hakucheka. Kwenye skrini kila noti inaonekana kama kijiti kilicholala, kirefu au kifupi kadiri kidole kilivyokaa. Aliniambia mkono wa kulia una vijiti safi, lakini wa kushoto umezungukwa na vinukta vidogo vidogo, kama vidukari kwenye jani la pamba. Kwa ogani laini, tena chini ya sauti za kwaya, havikuwa vimesikika. Yeye alipoondoa ogani akaweka piano, inayosema kila mguso, vikaanza kugonga. Akanitumia picha. Akasema kinanda chenu kinaumwa, keyi zinajibonyeza zenyewe.

Salimu alichukia kama aliyetukaniwa mama. Alisema kinanda chake kimetoka Dubai, hakijawahi kuumwa, aumwe huyo wa Mwanza. Hata hivyo alikifungua, akasafisha keyi moja moja kwa spiriti na mswaki, akakifunga, akaniamuru nijaribu. Nikakaa, nikapiga mkono wa kushoto wa wimbo wa Komunyo kama baba alivyotufundisha sisi wote wawili kwenye kile kinanda cha betri. Skrini ikaonyesha vijiti vitupu. Nikarudia polepole. Vitupu. Salimu akapiga makofi, akasema mwandikie huyo bwana kwamba kinanda changu kina afya kuliko bibi yake. Mimi nilibaki nimeweka mikono mapajani.

Fredrick alisema basi, futa tu hivyo vinukta, kazi iendelee. Nikaanza kuvipalilia, kimoja kimoja. Na katika kupalilia ndipo nilipoona kitu ambacho wewe muuguzi utakielewa kuliko mimi. Vinukta havikuwa pale mkono ulipokuwa kazini. Kwenye mwendo wa haraka baba alikuwa anapiga vizuri, karibu kama zamani. Vilikuwa pale mkono ulipopumzika juu ya keyi ukisubiri kwaya ivute pumzi. Ulipotulia ndipo ulipotetema. Nikafungua rekodi ya nyimbo za Noeli alizonipigia zamani nilipokuwa bado chuoni. Safi, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha nikakumbuka lile koti. Krismasi iliyopita tulipiga picha mlangoni, baba ameweka mkono wa kushoto mfukoni, nawe ukasema tazama mzee anavyojidai waziri. Hakuna picha ya mwaka huu ambayo mkono huo upo nje.

Nilikwenda Nyalikungu. Nilimkuta barazani akimenya karanga kwa mkono mmoja, anazibana kwa gumba na kuzipasua. Nilizunguka sana. Nilimwambia habari za programu, za piano, za vinukta, nikasema huenda ni kinanda. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mwanafunzi anayetoa sababu za kuchelewa. Kisha akasema, kwa hiyo hiyo kompyuta yako imenisengenya. Akautoa mkono mfukoni, akauweka juu ya goti, tukautazama wote wawili. Ulikuwa kama kuku aliyefungwa miguu, haachi kujaribu.

Nilimwambia twende hospitali kesho. Alikataa, na sababu aliyoitoa sijawahi kuisikia nyumbani kwetu. Unajua guku Maige, babu yetu, alikuwa mpiga ngoma wa Bagalu. Unajua pia vyama hivyo viwili vya ngoma, Bagalu na Bagika, vinavyoshindana baada ya mavuno, kila upande na dawa zake za kuvuta watu uwanjani. Sisi tuliambiwa guku alikufa kwa uzee. Baba anasema mkono wake ulianza kutetema akiwa bado na nguvu, na hakuna aliyesema ni ugonjwa. Walisema Bagika wamemtupia dawa. Mwenyewe aliamini hivyo. Baba alikuwa mtoto, ndiye aliyemwongoza kutoka kwa mganga huyu kwenda kwa yule, na kila walikotoka ng'ombe walipungua, mpaka zizi likaota majani. Mzee mmoja wa Bagika, ambaye hakuwa na kosa lolote ila kupiga ngoma vizuri, akahamishwa kijiji. Mwisho Bagalu wenyewe wakamnyang'anya guku ngoma, kwa kuwa mkono uliotupiwa unaleta nuksi kwa wenzake. Baba anasema msimu ule uwanja ulikuwa karibu na nyumba, ngoma zinalia, na guku amekaa mlangoni ameukalia mkono wake.

Halafu akaniambia ugonjwa haumwogopeshi, anaogopa kutafutiwa mchawi. Nilitaka kucheka, nikasema baba, ninyi ni kwaya ya Katoliki. Akaniuliza mama Elina husema nini kipaza sauti kikizimika. Nilijua. Husema, Lalago hao! Na watu wote hucheka, kwa sababu kwaya ya Lalago ilitushinda mashindano ya mwaka jana. Baba akasema, sasa leo wanacheka kwa kipaza sauti. Wakisikia mkono wa mwalimu wao umekufa, hawatacheka, na watalitaja jina la Mboje. Yaani Mwalimu Mboje wa Lalago, dada, aliyesoma naye chuo cha ualimu, aliyekuja kumchimbia mama kaburi mvua ikinyesha.

Akaniomba nimalize albamu na nifunge mdomo mpaka jubilei ipite. Nikakubali. Ningeweza kukataa, lakini alisema mayu, mama yangu, nisaidie, na baba yetu unajua si mtu wa kuomba.

Kufuta vinukta hakukutosha. Vilipotoka, zilibaki noti dhaifu, nyingine zimechelewa, nyingine hazipo kabisa. Nikaiondoa traki yote, yaani mstari mzima wa mkono wa kushoto. Nikakaa kwenye kinanda cha Salimu nikapiga upya mkono wa kushoto wa kila wimbo. Nilijifunza kuukawiza mwendo pale anapoukawiza yeye, na kukanyaga zile besi zake za ghafla ambazo kitabu hakiziruhusu. Nikahamisha, nikatuma. Fredrick akajibu kwamba kinanda kimepona. Albamu ikatoka. Dada, mkono uliokuliza jikoni si wa baba. Ni wangu.

Na haukuishia kwenye albamu. Tangu wakati ule kila Jumapili naondoka Bariadi alfajiri, nakwenda Nyalikungu, nakaa upande wa kushoto wa baba kwenye kile kiti kirefu cha kinanda. Yeye anapiga kulia, mimi kushoto. Kwaya imeambiwa ananifundisha ili nimrithi. Mama Elina ananiletea andazi na kunisifu kwamba mabinti wa siku hizi hawana heshima kama yangu. Jumatatu nafungua duka la Salimu macho mekundu. Wiki nzima namwonyesha bwana harusi jinsi ya kusema nampenda mke wangu mbele ya kipaza sauti, na Jumapili narudi kuwa mkono wa mtu. Wakati mwingine, katikati ya Utukufu, nasahau kwamba mwili uliobaki pia ni wangu.

Ningeendelea hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kuendelea. Lakini Jumapili iliyopita, tulipokuwa tunashuka kwenye ngazi za kwaya, mguu wa baba wa kushoto ulikataa. Si kwamba aliteleza. Niliuona, uliburuzika, ukabaki nyuma kama unamsubiri mtu. Akaangukia mabegani mwa watu wa besi. Mama Elina akapiga kelele, eh Mwalimu, divai anakunywa padri, kulewa unalewa wewe! Watu wakacheka, baba akacheka, akajipangusa suruali. Na mimi nikacheka. Nikajisikia nikicheka, nikaogopa. Nilielewa kwamba mkono wangu umekuwa mfuko wa koti. Anajificha ndani yake, na humo ndani ugonjwa unatembea bila kuonwa na mtu yeyote anayeweza kuutibu. Nilikuwa nadhani namsaidia kupiga kinanda. Kumbe nilikuwa namsaidia kutokwenda hospitali.

Jioni ile kabla sijapanda gari nilimwambia sitakaa tena kwenye kile kiti. Alinijibu maneno makali. Alisema nimesoma mpaka nimekuwa mkatili, kwamba hata Bagalu walisubiri mavuno yaishe ndipo wakamnyang'anya guku ngoma yake. Nilipanda gari nikakaa dirishani, na sijui nilifikaje Bariadi.

Katikati ya wiki alikuja. Sikumtegemea. Niliinua kichwa kutoka kwenye mashine ya fotokopi nikamwona amesimama mlangoni na koti lake, amenyeshewa, anasalimiana na Salimu kwa mkono wa kulia. Akasema anataka kusikia ile kazi aliyoipiga yeye. Nilimwambia albamu ipo hata kwenye simu. Akasema si hiyo ya kwako, mayu, ile ya kwangu. Salimu alitutazama mara moja tu. Akageuza kibao cha mlangoni upande wa Tumefunga, akasema adhuhuri imefika na leo ana dua ndefu, akatuachia duka.

Ile faili ya kwanza sikuwahi kuifuta. Nikaifungua, nikaondoa ogani, nikaweka piano, nikaondoa kwaya. Ukabaki mkono wa kushoto wa baba peke yake chumbani. Alisikiliza wimbo wa Komunyo wote, ameinamisha kichwa upande mmoja kama anavyosikiliza sauti ya nne wakikosea. Vile vinukta vilisikika wazi, tik, tik tik, katikati ya kila kituo. Ulipoisha akaniambia nirudie. Uliporudi akasema, kumbe hata nikinyamaza unasema. Kisha akageukia trei za mayai ukutani. Nilidhani analia, sikutaka kumtazama. Hakuwa analia. Alikuwa anafikiri, kwa sababu baadaye alianza kuzungumza kwa mpangilio, kama anatoa kazi ya nyumbani.

Alisema guku hakuwahi kupata mtu wa kumsikilizisha mkono wake; alisikilizishwa midomo ya watu. Alisema yeye hatasubiri. Siku ya jubilei atasimama kabla ya misa awaambie kwaya na parokia nzima kwamba anaumwa. Nilimuuliza na habari ya Mboje itakuwaje, hawatasema? Akasema ameshatoka Lalago, asubuhi hiyo hiyo, kabla ya kuja kwangu. Amemweleza Mboje yote. Na amemwomba siku ya jubilei aje Nyalikungu, akae upande wa kushoto wa kinanda, mbele ya watu wote, awe ndiye mkono wake. Mboje, baba anasema, aliuliza tu kama bado tunauimba wimbo wa Komunyo kwa mwendo wa konokono. Kisha akakubali. Nani atamtaja mchawi, dada, wakati mchawi mwenyewe amekaa anapiga besi?

Lakini ana sharti, na sharti hilo ndiyo barua hii. Hataki kusimama pale akaseme mkono unatetema tu. Alisema kitu kisicho na jina, watu watakipa jina la mtu. Anataka awe na jina la ugonjwa, kutoka kwa daktari, alitaje kwa sauti. Na anataka wewe ndiye umpeleke, hospitali kubwa yoyote utakayoona inafaa, kabla ya jubilei. Nilimwambia basi mpigie. Akakataa. Anasema habari za mwili wa mzazi hazitupwi kwenye simu, mtoto akazipokea amesimama jikoni. Zinaandikwa, mtoto akakaa chini, akasoma, akarudia. Na kukuandikia yeye mwenyewe hakuweza. Alianza, anasema, akafika kwenye salamu za watoto akakwama. Akaniambia mwandikie wewe, Mektilda, wewe ndiye unayeujua mkono.

Kwa hiyo nimekuandikia. Kaa chini, dada, na urudie. Jubilei ni Jumapili ya tatu ya Desemba. Omba ruhusa kazini, safari hii usikubali kukataliwa. Sijui huo ugonjwa una tiba kiasi gani, na sijautafuta mtandaoni kwa sababu naogopa nitakachosoma. Najua tu kwamba kwa mara ya kwanza amekubali kwenda, na baba akikubali jambo leo, si lazima awe anakubali wiki ijayo. Ukifika usimshike mkono kama unamvusha barabara. Mwambie umekuja kula kuku wako.

Usinionee huruma sana, na usinikasirikie sana. Kama kuna hasira, ije nayo, tutaigawana barazani. Nilikudanganya kwa vidole vyangu na ulinisifu kwa jina lake, na siku ile nilifurahi, dada. Nikubali hilo pia. Nilifurahi kwamba hukuweza kututofautisha.

Nisalimie shemeji Deogratias, mwambie nimempatia ile kava ya simu aliyoagiza, Rehana anayo. Nancy na Nyanda wabusu, waambie shangazi Apolonia, hapana, bibi Apolonia wao, anawawekea karanga. Shangazi hajui habari hizi bado, utakuwa umemtangulia. Salimu naye anakusalimu, anasema ukipita Bariadi uje usikie kinanda chake cha Dubai kilivyo kizima. Mungu akulinde njiani na akufikishe.

Siku ya jubilei nitakaa chini, upande wa akina mama, mahali ambapo sijawahi kukaa tangu nijifunze kupiga. Mboje atakuwa pale juu, na baba kulia kwake. Nimekuwa nikiifikiria misa ile tangu juzi, nyimbo zote nazijua. Sijui mikono nitaiweka wapi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mektilda Ngassa